Mtu wa Nyumbani: 1

Shangazi alipokufa hakuacha deni hata la kiberiti, na hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu wanong'one. Fundi cherehani gani huyo? Mjane, hana mtoto, hana mpangaji, na tangu ujana wake hajawahi kubisha mlango wa mtu kuomba hata chumvi! Lakini nani aulize? Watu walimzika upesi upesi, wakaondoka bila kugeuka nyuma.

Wiki ya tatu, jua likizama, binti wa kaka yake akaja kuchukua cherehani aliyoachiwa. Huyu waliokuwa naye shuleni walimwita Rula, maana hakuweza kupiga mstari hata chini ya tarehe bila rula, na jina likamganda. Ukubwani akapata kazi inayomfaa: kuchora programu za simu. Kitufe kikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, rangi ipi imfanye mtu atake kugusa. Mwenzake katika kazi, kijana mmoja mpole aitwaye Miwani, ndiye aliyeandika yale mambo ya ndani yanayofanya michoro itembee. Rula anajenga nyumba, Miwani anavuta maji na umeme.

Wakati huo walikuwa na programu ya watu kuandikia matumizi yao. Umenunua nini, kimebaki nini, mwezi utaisha salama au utaishia njiani. Wenye fedha za kuwasaidia walipoiona walicheka hadi wakashika mbavu, kwa sababu Rula alijaza mifano ya uvivu: chakula mia, chakula mia, chakula mia.

"Huyu mtu wenu anakula tu," mmoja akasema, "haogi?"

Wakapewa hadi Jumatatu. Walete kitu chenye uhai, au wasije kabisa.

Basi Rula akaingia chumba cha Shangazi akiwa na Jumatatu kichwani. Cherehani ilikuwa dirishani. Akaivuta. Haikusogea. Akaivuta tena, akaweka na goti... kama imeota mizizi. Katika kuhangaika, droo yake ndogo ikafunguka yenyewe.

Ndani palikuwa na daftari.

Na harufu. Kama nywele zilizoungua.

Akalifungua. Lo! Miaka thelathini na zaidi ya matumizi, kwa mwandiko mdogo kama sisimizi. Sukari. Sabuni ya kipande. Uzi mweusi. Kioo cha taa. Sindano, sindano, sindano. Hapa na pale, mara chache sana, mstari mmoja kwa wino mwekundu: *Malipo. Mtu wa nyumbani.* Pembeni ameandika mume. Kisha pacha mkubwa. Kisha pacha mdogo. Kisha mpangaji. Bei hakuna. Na ukurasa wa mwisho, kwa herufi kubwa, kalamu imekandamizwa hadi karatasi imetoboka: *NIMEMALIZA. NIMEFUNGA.*

Rula akaona ni hela za matumizi alizokuwa akiwapa watu wake. Akalitia daftari mkobani. Kitu chenye uhai si hiki?

Nje, bibi wa jirani alikuwa ameegemea uzio, kama mtu aliyekuwa hapo tangu asubuhi.

"Umechukua nini humo, mwanangu?"

"Daftari tu, bibi."

Bibi akautazama mkoba. Akashusha sauti. "Mumewe alitoka mzima na ndoo, akarudi amebebwa. Wale pacha... mmoja hakumaliza arobaini ya mwenzake. Shangazi yako hakuwa akiandika bure."

Rula akacheka. Wazee bwana, wakikosa la kusema hutunga.

Usiku mzima akahamisha matumizi ya Shangazi kwenye programu, ambayo aliiweka katika simu yake mwenyewe ili aijaribu. Sukari ikang'aa. Sindano zikapangika. Alipofika kwenye ule mstari mwekundu, programu ikakataa. Haipokei kitu kisicho na kiasi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua hivyo.

Akaandika 1.

Chini yake palikuwa na swichi aliyoipenda kuliko zote, iliyogeuka kijani ukiigusa: *Hujirudia kila mwezi.* Hakuwa na mfano mwingine wa kuionyeshea.

Akaiwasha.

Jumatatu wenye fedha walipiga makofi. Miwani peke yake ndiye aliyekuwa na neno.

"Dada, bado hatujaweka sehemu ya kufuta. Mtu akikosea je?"

"Mdogo wangu, kufuta kutakuja toleo lijalo. Kwanza rangi."

Nyumbani kwa Rula walikuwa wanne. Yeye, mumewe ambaye ni fundi rangi, mama mkwe, na binti yao wa miaka saba waliyemwita Chiriku, maana mdomo wake haukuwa na breki. Watatu hao wengine Rula aliwaandika kwenye orodha ya watu wa nyumbani. Yeye hakujiandika. Alivyoichora, mwenye simu hahesabiwi. Yeye ndiye anayelipa.

Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno. Alimsema Rula kwa chumvi, kwa vumbi, kwa watoto aliokuwa hajawazaa. Mwisho wa mwezi ukikaribia, akanyamaza. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Rula, Mungu amsamehe, alifurahi. Akapika huku anaimba.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, simu ikalia. Ule mlio aliouchagua mwenyewe akajisifu nao, wa sarafu kudondoka ndani ya kopo tupu.

*Ting!*

*Malipo yamefanikiwa. Mtu wa nyumbani: 1. Asante.*

Mama mkwe alikutwa amekaa kitini, macho wazi, kikombe mkononi hakijamwagika.

Mzee amekufa, ni uzee. Nani angesema zaidi?

Mwezi wa pili mumewe, aliyekuwa na tabia ya kupiga mluzi kutwa, akaacha mluzi. Akaacha na salamu. "Una nini, baba Chiriku?" Akatikisa kichwa tu, akionyesha koo. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, juu ya ngazi, brashi mkononi...

*Ting!*

*Asante.*

Safari hii Rula alipiga magoti mbele ya simu. Akatoa daftari, akausoma tena ule wino mwekundu. Shangazi alilipa mara nne katika maisha yake yote. Yeye amewasha kila mwezi.

Akaifuta programu nzima kwenye simu. Asubuhi ilikuwepo. Akaivunja simu kwa mchi, akanunua nyingine. Ilikuwemo, hata kabla hajatia laini. Akamkimbilia Miwani, naye akaingia ndani kabisa kwenye mitambo, akaung'oa ule mstari. Ukarudi. Akaung'oa tena, kisha akainusa mikono yake, akaipangusa kwenye suruali.

"Dada... hayo maneno ya asante, uliandika wewe?"

"Si wewe?"

"Mimi sijaandika asante popote."

Mwezi wa tatu, tarehe ishirini na saba, Chiriku aliamka akakaa mezani. Hakuuliza kwa nini anga liko juu. Hakumsimulia mama yake ndoto. Hakusema kitu.

"Chiriku? Sema na mama."

Mtoto akafungua mdomo, akaufunga. Akashika koo.

*Malipo yajayo: siku tatu.*

Magharibi ya siku ile Rula alikuwa mlangoni kwa Shangazi, daftari kifuani, anahema kama mbwa. Nyumba ilikuwa imefungwa, ufunguo anao yeye. Na ndani...

*Tak-tak-tak-tak.*

Cherehani.

Akasukuma mlango. Chumba kitupu. Gurudumu linazunguka polepole. Sindano inapanda, inashuka. Hakuna kitambaa. Na ile harufu, sasa nzito, inakaa ulimini.

"Shangazi," akanong'ona. "Nimekurudishia."

Gurudumu likasimama.

"Nilishafunga, mwanangu." Sauti ilitoka chini, kwenye droo, kavu kama uzi. "Umefungua wewe."

"Ni Chiriku, shangazi! Nichukue mimi."

"Anayelipa hajilipi. Si ndivyo ulivyochora?"

Rula akaanguka sakafuni. "Nifanyeje?"

Halafu kitu kama kicheko, kidogo, cha kupitia puani. Cheko la Shangazi lenyewe, lile alilokuwa akiwacheka nalo watu wa harusini.

"Mimi nilikuwa na nyumba moja tu, nikalipa na niliokuwa nao. Wewe... una simu za watu wangapi?"

Droo ikajifunga. Daftari halikuwa tena mkononi mwake.

Asubuhi yake Rula alikuwa kazini kabla ya mfagizi.

"Itoe kwa watu leo," akamwambia Miwani. "Bure. Kila anayetaka aichukue."

"Leo? Na hii mifano ya Shangazi, si niitoe kwanza?"

"Iache. Watu wakiona mfano wanaelewa haraka."

"Na hii swichi?"

Rula akatazama dirishani. "Iache imewashwa."

Miwani akavua miwani yake, akaisugua. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Kila mtu ofisini alimjua, maana alimletea mumewe chakula mwenyewe, mkono mmoja umeshika kiuno. "Dada, mimi ningependa kuitoa kwenye simu yangu. Nisamehe, lakini inanitisha."

Hapo palikuwa na nafasi ya neno moja tu. Toa. Rula alilijua. Alilihisi hadi kwenye meno.

"Watu watatuonaje," akasema, "kama sisi wenyewe hatuitumii?"

Siku ya kwanza waliichukua watu mia tatu. Siku ya pili elfu nne, walisifu rangi. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, Rula alimkumbatia mtoto wake sakafuni, amemfunika kwa mwili wote, akisikiliza.

Sarafu haikulia.

Ilipofika saa tisa na dakika moja, Chiriku alikohoa. "Mama, unanibana," akasema. Kisha akauliza kama samaki hulala. Rula alilia, akacheka, akambusu hadi mtoto akamsukuma. Kwenye simu yake ule mstari mwekundu haukuwepo tena. Umefungwa. Amefunga!

Ofisini simu ya mezani ilianza kulia saa tisa na robo. Ililia hadi jioni. Miwani hakuwepo wa kuipokea. Alikuwa hospitali, mlangoni mwa wodi ya wazazi, na hakurudi tena kazini.

Rula hakwenda kumpa pole. Angesema nini?

Yakapita majuma matatu na ushee ya raha. Chiriku akaongea kufidia kimya chake chote. Jioni moja mama mtu alikuwa anakunja nguo, mtoto yuko chini ya meza na simu ya zamani ya marehemu baba yake, ile aliyoachiwa achezee.

"Mama, na mimi ninayo ile yako ya rangi! Nimeiweka peke yangu. Nimeandika na jina langu."

Nguo ikamponyoka Rula mkononi.

"Kuna swali hapa, nisome? *Andika watu wa nyumbani.* Nimekuandika wewe, kwani mimi imenikataa." Mtoto akatoa kichwa, akiifuata mistari kwa kidole. "Na hii hapa nyekundu inasema siku tatu. Siku tatu za nini, mama? Mama?"

Rula akafungua mdomo kumwambia aitupe.

Akaufungua zaidi.

Akashika koo.

Chiriku siku hizi analelewa na ndugu wa baba yake, mbali, na wanasema amekuwa mtoto mkimya sana. Programu ipo. Bado ni bure, na rangi zake kweli zinapendeza. Ile sehemu ya kufuta, ukiuliza, unajibiwa kwa adabu kwamba itakuja toleo lijalo. Asante.