Risasi Mtoni

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alishuka mtoni na mama yake kumwagilia mboga. Jina hilo walimpa majirani, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Juu kidogo ya bustani yao, mjomba wake alipasua betri kuukuu za magari, akayeyusha madini ya ndani na kuyauza. Maji makali ya betri aliyamwaga mtoni.

Siku zile mdogo wake Chiriku alikuwa akilalamika tumbo. Hachezi, hali, na hata hesabu alizozijua zilimtoka kichwani. Mama akampeleka hospitali, Chiriku nyuma.

Daktari alisoma majibu ya damu, akavua miwani. "Mama, mtoto ana risasi mwilini."

"Risasi!" Mama aliruka. "Nani kampiga mwanangu?"

"Si ya bunduki, mama. Ni madini mazito, ni sumu. Mnatumia maji gani?"

"Ya mto. Lakini nayachemsha mpaka yanatokota!"

"Ukichemsha, vijidudu hufa. Risasi haifi. Kuna kazi ya betri karibu nanyi?"

Mama aliinamisha macho. Tangu baba afariki, Mjomba ndiye aliyewalisha. "Hakuna, daktari."

Chiriku alimtazama mama yake. Alimpenda mjomba wake. Lakini mdogo wake alikuwa amelegea mapajani mwa mama kama kitambaa kilicholowa.

"Ipo," akasema. "Mjomba anapasua betri. Maji yake anayamwaga mtoni."

Jioni Mjomba alifoka. "Umenichoma, wewe mtoto! Sasa tutakula nini?"

"Nisamehe, Mjomba. Lakini mdogo wangu akifa, utamlisha nani?"

Mjomba akaenda kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa.

Bwana afya alipokuja, Mjomba mwenyewe alimwonyesha shimo la betri. Alipimwa damu, naye akakutwa na sumu ileile. Kazi ile akaiacha, akaajiriwa kwa fundi baiskeli. Mboga ziling'olewa, na maji wakawa wanateka bombani. Polepole mtoto akaanza kula, kisha kucheza, mwishowe kugombana na dada yake.

"Mwache akugombeze," Mjomba alimwambia Chiriku akicheka. "Mwanangu, mimi nilidhani mto ukibeba uchafu unakwenda nao mbali. Kumbe ulikuwa unautia vyunguni mwetu. Na mama yako alinifichia kwa huruma. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ahsante kwa kutoficha."