Kengele Haisikiki Ndani ya Lori

Baba Pacha husambaza mikate kwa baiskeli. Kila asubuhi hufunga kreti mbili nyuma, huwaaga wanawe kwa kengele, kriing kriing, kisha huenda zake.

Siku moja alirudi mapema. Goti lilikuwa likivuja damu.

"Pole! Umeanguka?" mkewe akauliza.

"Lori limenibana kwenye kona. Nimepiga kengele mpaka kidole kikauma! Dereva ananitazama kwenye kioo, halafu anakata kona kana kwamba mimi ni upepo."

"Alikutazama? Ulimwona uso?"

Baba Pacha akafikiri. "Niliona kioo."

Jambo hilo halikumtoka Mama Pacha kichwani. Je, madereva wana dharau, au kuna jingine? Kama hawamwoni, kesho mumewe angeweza kupondwa palepale.

Jirani yao aliendesha lori la mchanga. Watoto walimwita Shangazi Lori. Jioni Mama Pacha akamfuata pamoja na mumewe.

"Dada, hivi mkiwa huko juu mnatuona?"

"Unaniuliza kama askari! Panda ujionee. Shemeji, lete baiskeli yako."

Mama Pacha akapanda, akakaa kwenye kiti cha dereva. Injini ilikuwa imezimwa. Shangazi Lori akakaa kando yake, akafunga vioo vya milango, akawasha redio.

Baba Pacha akasukuma baiskeli polepole ubavuni mwa lori, akitokea nyuma. Mkewe alimwona kwenye kioo cha pembeni. Akamwona tena. Mara hayupo.

"Kaenda wapi?"

"Zima redio, ufungue mlango."

Alikuwa pale chini, anapiga kengele kwa nguvu zote.

"Baba Pacha! Nimekupoteza mzima mzima!"

"Kumbe yule hakunidharau," mumewe akasema taratibu.

"Hakukuona," Shangazi Lori akajibu. "Na wengine macho yao yapo kwenye simu. Kwa hiyo usijipe moyo kwamba umeonekana. Ukiuona uso wangu kwenye kioo, nami naweza kukuona. Usipouona, huenda sikuoni. Halafu kwenye kona, usijipenyeze ubavuni. Gurudumu la nyuma hukata kwa ndani zaidi kuliko la mbele. Baki nyuma, mbali kidogo, lori lipite."

"Na walio nyuma yangu wakinipigia honi?"

"Wapige. Honi haivunji mguu."

Kesho yake, kwenye kona ileile, lori lilisimama mbele yake likiwasha taa ya kukata kona. Ubavuni palikuwa na nafasi nzuri tu. Baba Pacha akaweka mguu chini, akabaki nyuma.

Muuza maziwa akaja kwa baiskeli nyuma yake. "Wewe, mbona umelala? Pita hapo!"

"Subiri kidogo. Tazama gurudumu la nyuma."

Lori likakata kona. Gurudumu la nyuma likaijaza ile nafasi yote, likakwaruza ukingo wa barabara.

Muuza maziwa akashuka kwenye baiskeli.

"Ndugu yangu," akasema, "nani kakufundisha hayo?"