Maneno ya Nyuma ya Santuri

Kila Ijumaa alasiri kituo cha mabasi cha Dayton hufurika watu wa Kentucky. Wiki nzima wametumikia viwanda vya Ohio. Ikifika Ijumaa kila mmoja anataka akalale kwao milimani. Lovina Pratt alikuwa kwenye foleni ya basi la kwenda Hazard, Kentucky, gauni lake la buluu lenye kola nyeupe limelegea kwa mvuke wa chumba cha kufulia alikofanya kazi, akiimba kwa sauti ya chini, pale kasha gumu la ala ya muziki lilipomgonga goti.

"Samahani, dada. Banjo hili halina adabu."

"Banjo halina miguu. Mwenyewe ndiye hana macho."

Mwanamume akacheka. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake la kiwandani limepigwa pasi kama la harusi. "Naitwa Delmer Turpin. Wimbo huo umejifunzia wapi?"

"Kanisani."

"Kanisa gani linaimba hivyo? Unauvuta mstari mpaka mtu anasahau ulianzia wapi."

"Kanisa la baba yangu. Na hilo banjo lako lisingevuka kizingiti chake."

Basi lilipoondoka, Delmer alikuwa na namba ya simu ya nyumba aliyopanga Lovina, na mwenye nyumba hakupumzika tena.

"Yule wako wa banjo," alikuwa akiita kutoka kwenye korido. "Mwambie na sisi tuna masikio yanayochoka."

"Umekula?" Delmer alikuwa akiuliza.

"Maharage."

"Na jana?"

"Maharage. Umepiga simu kukagua sufuria zangu?"

"Nimepiga nisikie unavyonisema."

Kufikia majira ya baridi Lovina alikuwa ameingia katika bendi ya Delmer, wakipiga bluegrass, muziki wa nyuzi wa milimani, kwenye baa za mashariki ya mji. Delmer alimfundisha mandolini, akiviweka vidole vyake kwenye nyuzi kimoja kimoja. Lakini watu walikuja kwa ile sauti. Iliingia kama baridi inavyopita chini ya mlango, na wanaume waliohama makwao miaka ishirini iliyopita wakawa wanatazama ndani ya glasi zao.

Kwao milimani hakuna aliyejua. Katika kanisa la Mzee Corbett Pratt hapakuwa na chombo cha muziki hata kimoja. Kiongozi alitanguliza mstari, waumini wakaupokea, basi. Corbett ndiye aliyekuwa kiongozi huyo, mchimba makaa ya mawe mstaafu ambaye vumbi la mgodi lilikuwa limemla mapafu. Lovina alimwambia Delmer habari hizo ndani ya gari Jumapili moja, miaka kadhaa baadaye, mvua ikigonga paa.

"Wazazi wanajua nafua mashuka ya hospitali. Wala si uongo."

"Miaka mingapi sasa unawaficha bendi?"

"Wa sita. Usinitazame hivyo, mpenzi. Nitawaambia."

Mwaka 1973 bendi ikatoa santuri. Nyuma ya jalada palihitajika maneno machache kuhusu kila mmoja na alikoutoa muziki wake, na kazi ya kuandika akapewa Delmer. Aliandika kwamba Estill, mpiga gitaa, alifundishwa na mjomba wake kipofu. Kwamba Roscoe wa besi alianza na tarumbeta kubwa la jeshini. Kwamba yeye mwenyewe, mzaliwa wa Dayton, mwalimu wake alikuwa redio ya jikoni. Kisha, kwa upendo wote aliokuwa nao, akaandika: "Lovina ni binti wa Ndugu Corbett Pratt, kiongozi wa kanisa huko Knott, Kentucky, aliyemfundisha kuimba akiwa magotini pake." Hakumwonyesha. Alitaka iwe zawadi.

Lovina aliyasoma maneno yale santuri zikiwa zimekwisha kutawanywa madukani. Wiki tatu baadaye mama yake akapiga simu.

"Baba yako ameacha uongozi wa kanisa."

"Anaumwa zaidi?"

"Kuna santuri yenu kwenye duka la mjini Hindman. Waumini walimtaka asimame awaambie kwamba amekukana. Akakataa. Akatoka mbele, akaenda kukaa benchi la nyuma."

Jioni hiyo Delmer alimkuta Lovina akifunga sanduku.

"Nilikwambia wewe," alisema Lovina bila kugeuka. "Sikuyaambia maduka."

"Nilidhani utafurahi. Nilijivunia."

"Umejivunia mali ya mtu mwingine."

"Lovina, mama, nisikilize..."

"Miaka arobaini alisimama pale mbele. Umemwondoa kwa mistari miwili."

Lovina aliporudi milimani, Delmer alipiga simu kila Jumapili kwa jirani wa akina Pratt, mwenye simu pekee bondeni. Kila Jumapili jirani alirudi na jibu lile lile: anamuuguza baba, hawezi kuja kwenye simu.

Mwezi wa Novemba Delmer akaendesha gari kwa muda wa saa tano, akalikuta lile bonde limefunikwa na moshi wa makaa. Mzee Corbett alikuwa barazani, blanketi magotini, akipumua kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Lovina alikuwa jikoni, dirisha wazi.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye niliyeandika nyuma ya santuri. Nimekuja kuomba radhi."

"Uliandika uongo?"

"Hapana, mzee."

"Basi radhi ya nini?" Mzee akangoja pumzi imrudie. "Nilipokuwa kijana na mimi nilikuwa na banjo. Nikaliacha kwa hiari yangu. Sikutarajia kila mtu aliache. Kilichonichoma ni kusoma habari za mwanangu dukani, nimesimama na watu. Alikuwa akija nyumbani kila mwezi. Angeniambia."

Jikoni, Lovina aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea viazi. Miezi yote ile alikuwa amembebesha Delmer mzigo ambao nusu yake ilikuwa yake mwenyewe. Alitoka, akapiga magoti kando ya kiti cha baba yake. Mzee akaweka mkono kichwani pake. Delmer akashuka ngazi, akaondoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata, Lovina alikuwa kwa jirani kabla simu haijalia.

"Umekula?" aliuliza Delmer.

"Nisamehe," alisema Lovina, akaanza kulia.

Mzee Corbett alikufa mwezi wa Machi. Delmer alikuja mazikoni na suti ya kuazima, akasimama upande wa wanaume. Kiongozi mpya alitanguliza mstari, umati ukaupokea. Delmer hakuwahi kuimba bila nyuzi za kumshikilia; kila mstari aliufikia wenzake wamekwisha kuumaliza, lakini hakuacha. Ng'ambo ya jeneza Lovina alimsikia akikosea.

Walipokuwa wakishuka kutoka makaburini, matope yakinata viatuni, Delmer alimshika mkono.

"Nikubali nikuoe, Lovina. Rudi Dayton."

"Nitarudi. Nitaolewa nawe." Alisimama. "Ila jukwaani sipandi tena. Wala si kwa sababu yako. Kila nikifungua kinywa kwenye baa nitamwona baba amekaa benchi la nyuma."

Delmer alitazama bondeni. Sauti ile ndiyo iliyompa mwanamke huyu, na sasa alikuwa akimpata mwanamke bila ile sauti.

"Basi nitamwambia Estill atafute mwimbaji mwingine," alisema, na hakuuachia mkono wake.