Bolti Alizokunywa Bertrand

Ndugu zangu wa bonde la Ruzizi, wanaume kwa wanawake, tulieni niwaeleze. Jambo hili si la nyumba moja, ingawa lilianzia katika nyumba moja.

Asubuhi ile ya Jumamosi tulikuwa kwenye salongo, kazi yetu ya pamoja, tukifagia daraja la chuma kwenye njia ya Luberizi. Wabelgiji walilijenga kwa ajili ya treni. Reli iling'olewa zamani, tukaweka mbao, na sasa magari ya mpunga yanapita juu yake. Wanawake waliimba, na mama Léocadie alikuwa anauza mihogo ya kuchemsha kando ya kizuizi cha daraja. Mwanawe Bertrand ndiye aliyekuwa mlinzi wa daraja. Chefu wa kijiji alikuwa amemkabidhi spana ili kila siku ashuke chini akaze bolti, ambazo kwetu tunaziita bulo. Sisi tulifagia juu tu. Huko chini tulimwachia yeye.

Na kushuka alishuka kweli. Ila badala ya kukaza alifungua, akampelekea mhunzi bolti za kutengenezea mapanga, akarudi na chupa ya kanyanga, pombe yetu kali. Mkewe Noella alipouliza, alipigwa kwa spana hiyo hiyo mpaka jino likang'oka. Mtu mzima na akili zake, anakunywa daraja!

Jumamosi hiyo, tukiwa bado tunafagia, mara Fiston, kijana wa pikipiki, akaingia darajani akipiga honi tumpishe. Chuma kililia, mbao zikafyatuka, akaanguka na pikipiki yake juu ya mawe ya mtoni. Kichwa chake kilipasuka mbele ya macho yetu.

Je, kuna aliyeshuka kutazama kilichovunjika? Hakuna hata mmoja! Watu walimkimbilia nabii wa chumba cha maombi, naye hakukawia kujibu kwamba pale darajani yuko mchawi anayekula watu. Nani anashinda pale kutwa? Wote wakamgeukia mama Léocadie, mjane, mzee, macho mekundu kwa moshi wa kuni.

Wakamburuta hadi katikati ya barabara. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni.

"Weye mulozi, sema! Nani alikula Fiston?"

Mama alimtazama mwanawe. Bertrand alisimama karibu na spana mkononi, jasho likimtiririka. Kila siku mama alimwona akipanda kutoka chini na mfuko mzito, alimkanya, akatukanwa. Neno moja tu kutoka kwake, na mawe yangemgeukia mwanawe.

Ewe Bertrand, fungua mdomo! Hakufungua.

"Ni miye," mama akasema, damu ikimtoka. "Mutoto yangu hana kosa. Mumuache."

Wakamponda. Sitaficha: kwa mawe, kwa fimbo, kwa mateke. Hata waliokuwa wakiimba dakika chache kabla walirusha. Noella akaja mbio kutoka nyumbani na mfuko, akaumwaga miguuni pao. Bolti zenye kutu zikavingirika barabarani.

"Bertrand iko naficha bulo za daraja chini ya kitanda! Muko naua mama wa batu bure!"

Mikono ikalegea. Mama Léocadie alikuwa ameshakata roho. Kisha kundi lile lile, badala ya kuona aibu, likamrukia Bertrand. Walimvunja mikono yote miwili kabla askari waliovutwa na kelele hawajafyatua risasi hewani. Hakujitetea. Alilia tu: "Mama, juu ya nini ulisema ni weye?"

Leo yu hai. Mikono yake haishiki chupa wala spana. Noella humlisha kijiko kwa kijiko, na hamsemeshi.

FUNDISHO

Mlevi akikabidhiwa mali ya wote, ataiuza. Basi kazi ya salongo isiishie juu. Tushuke sote tutazame chini. Nanyi mnaopenda kumwita mtu mulozi, ulizeni kwanza ni kitu gani kimevunjika na nani alikivunja. Waliomuua Léocadie wanajijua. Jumapili wanakaa viti vya mbele kanisani.