Pakiti ya Kijani ya Stoo ya Udi

Saa 4:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la tambuu, mjini Lukang. Watu watatu: Hsiung, bosi, Lien, dereva wake, na Yung-te, fundi, ambaye Hsiung alimwita Profesa kwa dharau tu.

"Sema tena, Profesa. Kwa kifupi."

"Kufuli la stoo ya ofisini tutakamoiba udi ni la zamani, bila ufunguo linasikia waya wake tu. Jumatatu nilijifanya fundi wa matengenezo, nikauchomeka waya kwenye kisanduku cha mtandao ukutani. Nikiandika amri nikiwa garini, mlango unafunguka. Ila mipangilio sikuihifadhi. Ulinipigia honi, kaka, nikatoka mbio. Kisanduku kikizimwa, kinasahau kila kitu."

"Nani atakizima? Watu wamelala."

Hilo kweli. Saa sita na nusu ofisi nzima huzima taa na kulaza vichwa mezani. Hsiung hakujua lolote duniani ila saa za wenzake kulala.

"Na ile pakiti ya kijani juu yake usiiguse. Kila mashine pale ina vitafunwa vyake, isilete ukorofi."

"Wasomi wazima mnahonga mashine bisi."

"Na hati ya nyumba ya mama unayonishikia?" Yung-te akauliza.

"Kazi hii moja. Unachukua hati yako, unapotea machoni pangu."

Saa 6:41 mchana.

Hsiung, ndani ya ovaroli ya mafundi, alipita katikati ya waliolala. Simu yake ilikuwa wazi kwa Yung-te na Lien, waliongoja garini nje. Yung-te akaandika amri. Mlango ukalia, ukafunguka. Kisha garini wakasikia kitu kikitafunwa.

"Unakula nini, kaka?"

"Bisi zako. Sijapata chakula."

"Irudishe pakiti."

"Nenda zako." Akaitupa sakafuni, akaingia stoo na kujifungia mwenyewe asionekane, kwenye mlango usiofunguka kwa ndani. Mpumbavu hana dawa.

Saa 6:52.

Simuni ikasikika sauti ya mwanamke nje ya mlango wa stoo, bado ina usingizi.

"Nani kala vya mashine? Sasa itatuchezea mchana kutwa. Ngoja niizime niiwashe upya."

Garini, kioo cha kompyuta ya Yung-te kikaganda.

"Fungua, Profesa," Hsiung akanong'ona.

"Kimesahau."

"Kikumbushe!"

Iliwezekana. Yung-te akakitafuta kisanduku mtandaoni, akakipata, akaanza upya: namba ya mlango, kasi ya waya.

"Yung-te, mdogo wangu, fanya haraka." Miaka sita, leo ndiyo kalikumbuka jina.

Lien akatema tambuu dirishani. "Hati ya mama yako, bosi aliiuza mwaka jana. Nilimwendesha mimi."

Yung-te akaisogeza simu mdomoni. "Kaka, hati iko wapi?"

"Fungua kwanza. Tutaongea."

Ilibaki kubonyeza mara moja. Nyumba ya mama ilikuwa imekwenda, na ilimuuma kuliko alivyotaka Lien aone. Akaifunga kompyuta.

"Tuondoke?" Lien akauliza.

"Bado."

Saa 7:30 taa za ofisi ziliwaka. Yung-te aliongeza sauti ya simu, akangoja kuwasikia wenye stoo wakija na ufunguo na kumkuta Hsiung.