Nafasi Moja ya Mwangalizi

"Tafsiri, dada. Tunakusubiri," mjumbe wa Thailand alimwambia Naw Hser Gay.

Kwa siku mbili wajumbe wa Thailand na Myanmar walikuwa wamebishana kwenye hoteli moja ya Mae Sot, mji wa Thailand ulio mpakani, juu ya wakimbizi wa Myanmar waliovuka mto wa mpaka, Mto Moei, kukimbia mabomu. Sasa walikuwa wameafikiana.

"Waliovuka mwaka huu watarudishwa Jumatatu," Hser Gay akatafsiri kwa Kiburma. "Watabaki wagonjwa tu, kila mmoja na mwangalizi mmoja."

Mchumba wake, Saw Kler Htoo, alikuwa amevuka mwaka huu huu, amembeba mgongoni mama yake mwenye kifua kikuu.

Alipotoka ukumbini alikuta ujumbe wa Kler Htoo kwenye simu: "Vipi mpenzi, wamesemaje?"

Akampigia papo hapo.

"Kler Htoo, kimbia ukajiandikishe mwangalizi wa mama. Utabaki!"

"Na Mu Paw?"

Mu Paw, dada yake Kler Htoo, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mumewe hakujulikana alipo.

"Nimekuuliza. Dada yangu akajifungulie porini?"

"Ukirudi watakuingiza jeshini! Miaka minne nimekusubiri, Kler Htoo!"

"Najua."

"Hujui! Ungejua usingeniuliza."

"Na wewe mbona umekaa nao siku mbili, hukusema kitu?"

"Mimi mkalimani tu," akajibu, akakata simu. Akajifungia chooni akalia mpaka wakamgongea.

Jumapili alifika kwenye mahema ya wakimbizi, macho yamevimba. Mu Paw alimpokea mlangoni.

"Wifi, nimemkatalia, hasikii. Ameshaandika jina langu kuwa mwangalizi wa mama."

Kler Htoo alikuwa akimnywesha mama yake uji. Aliinua uso.

"Umekuja kunigombeza?"

"Nimekuja kuolewa."

"Acha utani. Kesho naondoka."

"Ndiyo maana nimekuja leo. Au hunitaki tena?"

Kler Htoo akacheka, kisha machozi yakamtoka. "Nisamehe yale maneno ya kwenye simu."

"Yalikuwa kweli. Yameniuma kwa sababu yalikuwa kweli."

Mchungaji akawafungisha ndoa baada ya ibada. Kwa desturi yao, Hser Gay alivua gauni jeupe la wasichana wasioolewa, akavaa blauzi ya wanawake walioolewa aliyoazimwa na Mu Paw. Wali, samaki wa kukaanga na pilipili ndiyo ilikuwa karamu yao.

Jumatatu asubuhi alimsindikiza mumewe mpaka ukingoni mwa mto. Wakashikana mikono hadi askari akasema basi.

Siku ya tisa, kutoka namba ya Kler Htoo, ukaingia ujumbe: "Mwenye simu hii amekufa njiani kuelekea mstari wa mbele. Nilikuwa naye. Alikutaja. Pole, dada."

Hser Gay aliacha kazi, akahamia hemani kwa mama yake Kler Htoo. Mu Paw alikuwa hospitali, amejifungua mtoto wa kike. Mama mkwe, akikohoa, akamshika mkono.

"Mwanangu amepiga simu?"

Hser Gay akapiga magoti, akamkumbatia.

"Hapana, mama," akasema. "Na hatapiga tena."