Ng'ombe Aliyeitwa Ndizi

Kila siku baada ya masomo, Chapchap ndiye aliyetangulia kufika chumba cha kompyuta. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuwa na subira hata chembe. Chama chao cha kompyuta kilikuwa kikitengeneza programu ya kuwafundisha kusoma watoto wa darasa la kwanza, akiwemo mdogo wake. Mtoto anabonyeza picha, anasikia jina la kitu kilichochorwa, kisha analiandika.

Kuiunda programu hiyo kulichosha. Kompyuta ilifuata kanuni walizoiandikia, moja baada ya nyingine: iandae sauti za wanyama, iandae za matunda, kisha ifungashe zote pamoja. Chapchap akachoka kungoja, akaiamuru ifanye kazi zote kwa wakati mmoja.

Ikakwama. Akarudia, ikakwama tena.

"Jamani, mashine gani hii!" alifoka, akaipiga meza. Alirudia na kurudia mpaka ikamaliza bila kulalamika. Hakuijaribu hata kidogo. Aliipeleka darasa la kwanza mbio mbio.

Kesho yake, saa ya mapumziko, mdogo wake alimfuata akilia. "Dada, nimebonyeza ng'ombe, ikasema ndizi! Nikaandika ndizi. Mwalimu akaniwekea kosa, wote wakanicheka."

Chapchap aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa kompyuta, akamweleza yote.

"Ilikataa mara chungu nzima, na wewe hukujiuliza kwa nini?" Mwalimu alishusha pumzi. "Mwanangu, utaniotesha mvi! Haya, zisome kanuni zako. Sauti za wanyama zinawekwa wapi kabla ya kufungashwa? Na za matunda?"

Chapchap akasoma, akakunja uso. "Faili moja, Mwalimu."

"Sufuria moja, wapishi wawili. Wakipokezana, sawa. Wakipika pamoja je?"

"Vinachanganyika," alisema Chapchap. "Ndiyo maana ng'ombe alipewa sauti ya ndizi!"

Basi wakaanza kurekebisha. Kila kanuni ya sauti ikapewa faili lake, na ile ya kufungasha ikaagizwa wazi isubiri zote mbili zimalize. Kompyuta ikafanya kazi zote kwa pamoja, ikamaliza. Chapchap akanyanyuka.

"Kaa! Iunde tena," mwalimu alimzuia.

Akaiunda tena na tena huku akiguna, akisikiliza kila picha. Haikukosea.

"Sasa wapelekee," alisema mwalimu. "Jana ilikukubalia kwa bahati tu, na aliyeumia ni mdogo wako. Kabla hujampa mtu kazi yako, ihakikishe wewe mwenyewe kwanza."